Bastola ya Kwao Haikulinda Nyumba Yao

 

Kuna maneno yanazunguka sana hapa kambini siku hizi. Nimeyasikia kwa kinyozi, nimeyasikia kwenye mstari wa mgao, na kwenye mdahalo wetu wa mwisho upande uliokuja nayo ulipigiwa makofi mpaka viti vikaanguka. Maneno yenyewe ni haya: "Nchi changa isiyotengeneza silaha yake yenyewe bado ni koloni." Halafu mifano inafuata. Eti oneni Kenya, mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda Ruiru cha kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Eti Kongo yetu ina shaba, ina kobalti, ina kila kitu, ikitengeneza hata bastola tu ya askari wake, nani atathubutu kuvuka mpaka?

Mimi nasema hapana. Makofi wamepata, lakini hoja bado haijasimama. Na sitajibu kwa kusema silaha ni mbaya, amani ni nzuri, basi tuimbe. Hizo ni semina tumeshazizoea. Nitajibu kwa kuleta nchi moja iliyofanya kitu hicho hicho wanachokitaka, na ikakifanya vizuri kuliko karibu nchi zote changa za dunia. Halafu mtaniambia ilifika wapi.

Nchi hiyo ni Chekoslovakia. Ilizaliwa tarehe 28 Oktoba 1918, baada ya ufalme wa Austria na Hungaria kuvunjika mwisho wa vita kuu ya kwanza. Rais wake wa kwanza alikuwa Tomáš Masaryk, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye miaka ya vita aliishi uhamishoni kama sisi.

Jeshi la nchi hiyo changa lilirithi vitu vya marehemu. Kwa upande wa bastola kulikuwa na Steyr za mwaka 1912, kulikuwa na Roth-Steyr za 1907, kulikuwa na bastola za zamani za kuzungusha za Rast & Gasser. Kila moja inakula risasi yake. Sasa fikiria wewe ndiye mtunza ghala: ofisa wa kwanza anataka risasi hii, wa pili ile, wa tatu nyingine kabisa, na kiwanda kilichokuwa kikizitengeneza kiko Austria, nchi ya watu wengine sasa. Hapo nawapa haki kabisa wanaonipinga. Nchi ile ilikuwa na sababu ya kutaka bastola moja, ya kwao, yenye risasi moja.

Wakaanza. Kampuni moja ya Prague, iliyoitwa Zbrojovka Praga, ilitengeneza bastola ndogo na jeshi likanunua. Haikukidhi haja. Kampuni yenyewe ilifilisika ndani ya miaka michache. Wakahamia kwenye bastola iliyoitwa vz. 22. Hiyo "vz." kwa lugha yao ni kifupi cha "muundo", na 22 ni mwaka 1922. Ilitengenezwa Brno, kwenye kiwanda kikubwa cha serikali. Baadaye kazi ya bastola ikapelekwa mji wa Strakonice, ambako ilitoka vz. 24, ndiyo iliyokuwa bastola ya maofisa wa jeshi kwa miaka mingi. Fundi mmoja wa Strakonice, František Myška, akaichukua akairahisisha, ikatoka vz. 27, iliyokwenda zaidi kwa polisi. Mwishoni ikaja vz. 38.

Watu wa makofi watasema: si umeona? Miaka michache tu, bastola ya taifa!

Ngojeni. Tuifungue hiyo bastola ya taifa tuone ndani.

Kwanza, aliyebuni vz. 22 ni Josef Nickl, na Nickl alikuwa fundi wa Mauser, kiwanda cha Ujerumani. Mchoro ulitoka kwa jirani yule yule waliyekuwa wanamuogopa. Silaumu, ujuzi hauna pasipoti. Lakini wale wanaosema "yetu asilimia mia" wajue kwamba hata hao mabingwa waliazima.

Pili, angalia ilivyofanya kazi. Mtutu wa vz. 22 na vz. 24 ulikuwa unazunguka kidogo kila risasi inapotoka, ili chuma kibaki kimefungwa mpaka nguvu ya mlipuko ipungue. Ni ufundi mzuri, lakini ni ufundi wa risasi kali. Risasi waliyochagua wao ilikuwa ya milimita 9 fupi, ambayo nguvu yake ni ndogo kiasi kwamba bastola nyingi za risasi hiyo zinatumia springi na uzito wa chuma tu, basi. Yaani waliweka kufuli ya benki kwenye mlango wa banda la kuku. Kazi ikawa ndefu, gharama ikapanda, na risasi ikabaki ile ile dhaifu. Myška ndiye aliyeondoa ule mzunguko kwenye vz. 27. Halafu vz. 38, iliyotakiwa kuwa bora kuliko zote, ikatoka na triga nzito, unavuta kwa nguvu kila risasi, kulenga shida.

Nimeyataja haya kwa sababu kuna watu wanafikiri kutengeneza silaha yako ni kama kushona bendera: ukiamua leo, kesho inapepea. Wale walikuwa na chuma, walikuwa na shule za ufundi za muda mrefu, walikuwa na sehemu kubwa ya viwanda vya ufalme wote wa zamani, na bado walihangaika miaka 20 na kitu unachoshika kwa mkono mmoja.

Lakini tuseme bastola zao zote zilikuwa safi kabisa. Bado hoja yangu iko pale pale, juu sasa tunafika mwaka 1938.

Hitler alitaka eneo la mpakani lililoitwa Sudeten. Septemba 1938 Chekoslovakia iliita jeshi, na zaidi ya wanaume milioni moja wakaja. Ngome zilikuwepo, mizinga ya Škoda ilikuwepo, bunduki za Brno zilikuwepo, bastola za Strakonice zilikuwa kiunoni. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba, mjini Munich, watu wanne walikaa mezani: Hitler, Mussolini, Chamberlain wa Uingereza na Daladier wa Ufaransa. Wajumbe wa Chekoslovakia walisubiri hotelini. Wakaitwa baadaye kuambiwa nchi yao imekatwa wapi. Sisi tunajua kusubiri hivyo. Mkutano juu yako, na wewe uko nje.

Tarehe 15 Machi 1939 Wajerumani wakaingia Prague yenyewe. Jeshi liliamriwa lisipigane. Na silaha? Tarehe 28 Aprili mwaka huo Hitler alisimama kwenye bunge lake akasoma orodha ya alichokikuta: bunduki zaidi ya milioni moja, bunduki za rashasha zaidi ya 43,000, na bastola 114,000. Bastola 114,000! Miaka 20 ya kodi ya wakulima, mafundi wa Strakonice na jasho lao, zikawa mstari mmoja kwenye hotuba ya mtu aliyewameza.

Na haikuishia hapo. Kiwanda hakikufungwa. Kilibandikwa jina la Kijerumani, Böhmische Waffenfabrik, na mafundi wale wale, mashine zile zile, wakaendelea kutengeneza vz. 27 kwa ajili ya Wajerumani. Bastola hizo zilitoka nyingi zaidi wakati wa mkoloni kuliko wakati wa uhuru. Ile vz. 38 ambayo jeshi la taifa lilikuwa limeiagiza ilipotoka kiwandani, aliyeipokea alikuwa Mjerumani. Vifaru vya Kicheki viliingia Ufaransa mwaka 1940, Ufaransa ile ile iliyosaini Munich.

Sasa niambieni: ile bastola ya taifa ilikuwa ya taifa gani?

Najua jibu linalokuja. "Kaka, hao walisalitiwa. Wangeachwa wapigane, wangepigana." Nakubali walisalitiwa. Nakubali pia kwamba wengi walitaka kupigana, na wapo waliolia siku ile. Lakini jibu hilo linanisaidia mimi, haliwasaidii ninyi. Linasema kitu kilichokosekana hakikuwa bastola. Vilikosekana vitu vingine: marafiki wa kweli, uamuzi, na watu wa ndani walioshikamana.

Hapa kwenye watu wa ndani tukae kidogo, juu ndipo panapotugusa sisi.

Nchi ile ilikuwa na watu karibu milioni 15. Zaidi ya milioni 3 kati yao walikuwa Wajerumani kwa lugha. Waliingizwa kwenye nchi mpya bila kuulizwa, na wengi wao walikaa miaka 20 wakilalamika kwamba serikali ile ni ya wengine. Waslovaki nao, ambao jina lao limo ndani ya jina la nchi, walilalamika kwamba kila kitu kinaamuliwa Prague. Hitler hakuhitaji kuvunja mlango, alikuta ufa akaweka kidole. Tarehe 14 Machi 1939, siku moja kabla ya Prague kuanguka, Slovakia ilijitangaza peke yake chini ya ulinzi wa Ujerumani.

Sisemi waliomfuata Hitler walikuwa na haki. Hawakuwa nayo, na baadaye dunia nzima ililipa. Ninachosema ni kwamba hakuna kiwanda cha Brno kinachotengeneza raia. Ukiwa na watu wako milioni tatu ambao kila siku wanaulizwa "wewe ni wa wapi hasa?", umemwachia adui kazi rahisi. Sisi tuliotoka Kivu, Mbembe, Mfuliiru, Munyamulenge, Mvira, swali hilo tunalijua, wengine tumelikimbia, wengine tumeliuliza. Hapa kambini tunapanga ndoo kwenye bomba moja. Kule nyumbani swali hilo limeua watu wengi kuliko ukosefu wa kiwanda.

Na tuwe wakweli kuhusu jeshi letu. Januari 2025 Goma ilianguka. Februari 2025 Bukavu ikafuata. Kwani askari hawakuwa na silaha? Walikuwa nazo. Nyingi ziliachwa, watu wakaziokota mitaani, hata watoto. Askari ambaye mshahara wake unaliwa njiani na wakubwa wake, ambaye familia yake inalala nje ya kambi ya jeshi, mpe bastola ya Kongo, mpe ya China, mpe ya dhahabu, ataiacha vile vile. Ni ile hotuba ya bastola 114,000 kwa sura nyingine.

Halafu kuna kitu kimoja kuhusu bastola yenyewe ambacho washangiliaji hawakisemi. Bastola haizuii kifaru. Haizuii drone. Bastola ya serikali ni chombo cha ofisa na polisi, na kwa kawaida inaelekezwa kwa mtu aliye karibu, na aliye karibu ni raia. Wengi wetu hapa tumeiona bastola wapi? Kwenye barieri. Mtu anaiweka juu ya meza, mama anafungua kitenge anatoa pesa za mwisho. Ingekuwa imeandikwa "Imetengenezwa Kongo" ingetupunguzia nini?

Kuna ndugu mmoja atanijibu na historia hiyo hiyo, na ni jibu lenye nguvu, kwa hiyo nalitaja mwenyewe. Atasema: mbona Wacheki wakimbizi walirudi na silaha? Ni kweli. Jan Kubiš na Jozef Gabčík walikimbia nchi yao, wakafika Uingereza, wakarudishwa kwa parashuti, na tarehe 27 Mei 1942 wakamshambulia Reinhard Heydrich, mtawala wa Kijerumani, mjini Prague. Bunduki ya Gabčík ilikwama, bomu la Kubiš ndilo lililofanya kazi. Heydrich alikufa siku chache baadaye. Ni mashujaa, sibishi.

Lakini tazama tofauti. Hao walikuwa wanajeshi wa jeshi linalojulikana, chini ya serikali iliyokuwa London na rais wake Edvard Beneš, na kuna mtu aliyebeba jukumu la amri hiyo kwa jina lake. Hawakuchukuliwa usiku na mtu wa kati anayekuja zoni yetu na simu mbili, anayeahidi dola na cheo, halafu ukifa hata mama yako hapigiwi simu. Na hata kwao gharama ilikuwa kubwa mno: kijiji cha Lidice kilifutwa, wanaume wakapigwa risasi, wanawake wakapelekwa kwenye kambi za mateso. Beneš na watu wake waliulizwa maswali hayo na historia, na wanaendelea kuulizwa. Huyu anayewaita vijana wetu ataulizwa na nani?

Ndiyo sababu sikunyamaza. Tangu mwaka huu uanze, kwenye zoni yetu peke yake vijana wawili ninaowajua wameuza mgao wao wakapanda gari kurudi kushika bunduki. Mmoja alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari. Wanaanza na maneno haya haya, silaha yetu, taifa letu, halafu wanaishia porini. Maneno yana miguu, yanatembeza watu.

Sasa, je, Chekoslovakia haina la kutufundisha isipokuwa kushindwa? Inalo, tena kubwa. Tazameni mafundi wale walitengeneza nini zaidi. František Janeček alikuwa mtengenezaji wa silaha. Mwaka 1929 akaingia kwenye pikipiki, na herufi mbili za mwanzo za jina lake ndizo zinazoanza jina la pikipiki za Jawa. Strakonice, mji wa bastola, ukatoa baiskeli na pikipiki za ČZ zilizojulikana dunia nzima. Kiwanda cha Brno baada ya vita kilitoa trekta za Zetor, na trekta hizo zimelima mpaka Afrika. Bunduki yao ya rashasha ya Brno iliwavutia Waingereza, wakaitengeneza kwao wakaiita Bren: B na R za Brno, E na N za Enfield. Babu zetu wa KAR waliibeba vita kuu ya pili bila kujua jina hilo lina mji wa mbali ndani yake.

Yaani mali yao ya kweli ilikuwa mikono. Mtu anayejua kupima chuma mpaka sehemu ya mia ya milimita, anayejua kukereza, kuchomelea, kusoma mchoro, huyo adui anaweza kumtumikisha lakini ujuzi anabaki nao. Bastola ilichukuliwa. Fundi alibaki, na vita vilipoisha akatengeneza trekta.

Na historia yao haikuishia 1939. Baada ya vita walitengeneza tena bastola yao, vz. 52, lakini risasi yake ikabidi iwe ya Kisovieti. Bunduki yao walianza na risasi ya kwao, miaka michache tu wakalazimishwa kubadilisha. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 1968 vifaru vya Sovieti na washirika wake vikaingia, na jeshi lenye silaha za nyumbani likaamriwa tena likae kambini. Mara mbili! Kisha Novemba 1989 watu wakajaa viwanjani Prague wakitikisa funguo za nyumba zao, funguo tu, na utawala ukaondoka. Tarehe 1 Januari 1993 Wacheki na Waslovaki wakagawana nchi bila risasi moja. Kampuni ya bastola yao leo ni tajiri, mwaka 2021 ilinunua Colt ya Marekani. Hongera yao. Lakini uhuru wao hawakuupata dukani kwake.

Kwa hiyo kwenye mdahalo ujao, mtu akisimama na hoja ya bastola ya taifa, msimzomee. Mwulizeni maswali matatu. Nani anamlipa askari, na mshahara unafika? Raia gani wa nchi hiyo bado wanaambiwa si raia? Na hiyo bastola, siku ya kawaida isiyo ya vita, inaelekezwa kwa nani? Akijibu yote matatu vizuri, mimi mwenyewe nitampigia makofi.

Na kwa wewe kijana unayetaka kutengeneza kitu cha chuma kwa ajili ya nchi yako, kazi iko hapa hapa. Pampu ya kisima cha upande wetu iliharibika, tukasubiri wiki nyingi kipuri kimoja kidogo, mama zetu wakitembea na madumu. Ndani ya kambi hii yenye maelfu ya vijana hatukuwa na mtu wa kukitengeneza. Kipuri kile ni rahisi kuliko bastola mara kumi. Darasa la kuchomelea lina nafasi, majina yanaandikwa kituo cha vijana kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Mimi nitakuwepo mezani. Njoo na kalamu.